Pengo Kati ya Silinda na Mtutu: Namna ya Kuikagua Rivolva ya Kale

Anayeipokea rivolva ya karne ya 19 kwa mara ya kwanza huvutwa na nakshi: maua yaliyochongwa ubavuni, kitako cha pembe ya ndovu, dhahabu iliyotiwa kwenye herufi. Mkaguzi mzoefu huyaacha hayo kwa muda. Huiinua silaha kwenye mwanga, akatazama upenyo ulio kati ya silinda na mtutu, kisha akaishika silinda na kuitikisa taratibu. Nakshi aliweza kuiongeza mtu yeyote mwenye patasi ndogo miaka hamsini baada ya silaha kutoka kiwandani. Jinsi chuma kinavyokutana na chuma ni kazi ya fundi wa mwanzo, na ni vigumu mno kuighushi.

Lakini kwanza hakikisha silaha ni tupu. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haifi kwa uzee, na silaha za miaka mia na zaidi zimewahi kukutwa zimeshindiliwa. Kwa gobori, chukua ufito mwembamba wa mti, uutumbukize mtutuni hadi ukwame, utie alama mdomoni, kisha uulaze ufito kwa nje. Ncha isipofika penye tundu la moto, kuna kitu ndani. Iweke chini, usiiguse tena, waite wenye dhamana ya silaha. Na kwa kuwa kumiliki silaha kunaendana na sheria kali, kwa wengi wetu darasa la fani hii ni makumbusho. Royal Armouries ya Leeds, Uingereza, na Wadsworth Atheneum ya Hartford, Marekani, iliyorithishwa mkusanyiko wa familia ya mtengeneza rivolva Samuel Colt, zina vya kutosha kulifundisha jicho.

Sasa turudi kwenye pengo. Gobori ina mtutu mmoja uliozibwa nyuma, na nguvu ya baruti karibu yote hutokea mbele. Rivolva imeukata mtutu huo vipande viwili. Baruti na risasi hukaa katika vyumba vya silinda inayozunguka, na mtutu uko mbele yake, umeachana nayo kwa nafasi nyembamba. Kila mara nyundo inapoanguka, chumba kimoja lazima kiwe kimeelekeana na mtutu sawasawa, na kibaki kimefungwa hapo mpaka risasi ipite. Kikienda upande hata kidogo, risasi huchunwa ukingoni, vipande vya risasi vikarukia pembeni, shabaha ikapotea. Kwangu mimi historia nzima ya rivolva ni historia ya mafundi waliohangaika na nafasi hiyo nyembamba, na ubora wa kila moja hupimwa kwa jibu walilolitoa.

Elisha Collier, Mmarekani aliyesajili hataza yake Uingereza mwaka 1818, alitengeneza silaha za gumegume ambazo silinda yake ilisukumwa mbele hadi mdomo wa chumba ukakumbatia ncha ya mtutu. Wazo zuri sana, ila silinda ilizungushwa kwa mkono. Samuel Colt wa Hartford, kwa hataza zake za 1835 Uingereza na 1836 Marekani, aliunganisha nyundo na silinda: ukiivuta nyundo nyuma, silinda inazunguka chumba kimoja na kujifunga. Fataki za shaba, vikofia vidogo vinavyolipuka vikigongwa na nyundo, zilikuwa zimekwisha kuenea, kwa hiyo hakuhitaji jiwe la gumegume wala kibakuli cha baruti. Kiwanda chake cha kwanza, kule Paterson, New Jersey, kilifungwa mwaka 1842. Oda iliyopitia kwa Kapteni Samuel Walker wa jeshi la Marekani mwaka 1847 ndiyo iliyomrudisha kwenye biashara. Rivolva hiyo ya Walker ilizidi kilo 2, na silinda za baadhi yake zilipasuka, kwa sababu vyumba vilipokea baruti nyingi kuliko chuma cha wakati ule kilivyoweza kustahimili. Ukiiona leo, ichunguze silinda kwanza kabla ya kuustaajabia ukubwa wake.

Jaribio la msingi kwa rivolva ya nyundo, ikiwa tupu na mwenyewe amekuruhusu, ni kuivuta nyundo polepole na kusikiliza. Colt ya mwaka 1873, ile maarufu ya Single Action Army, ikiwa nzima hutoa milio minne. Silinda inapaswa kufika mahali pake na kufungwa wakati uleule nyundo inaposimama juu kabisa. Nyundo ikitangulia kusimama na silinda haijafika, kidole kinachoisukuma silinda kimelika. Silinda ikifungwa kisha ikachezacheza kushoto na kulia, kitasa au vishimo vyake vimechakaa. Angalia pia kama kuna mkwaruzo wa duara kuizunguka silinda. Mkwaruzo hafifu ni alama ya matumizi, na mara nyingi ya mikono isiyojua kuirudisha nyundo. Mfereji uliochimbika ni habari nyingine. Wala usiifyatue ovyo ikiwa tupu. Kwenye silaha za fataki, nyundo ikipiga chuchu, yaani vishina vinavyovishwa fataki, zikiwa tupu huzibonda.

Mwaka 1851, katika Maonyesho Makuu ya London, fikra mbili zilikutana ana kwa ana. Colt alileta rivolva iliyo wazi juu, ambayo mtutu wake umeshikwa na kabari inayopenya mhimili wa silinda. Robert Adams wa London alileta yake, fremu na mtutu vikiwa pande moja la chuma lililofuliwa pamoja, na daraja la chuma likipita juu ya silinda. Fremu ya Adams naiona kuwa fikra bora: haina kabari ya kulegea, na pengo haliwezi kupanuka kwa sababu mtutu hauna pa kwenda. Kwenye Colt, kabari ndiyo mahali pa kutazama. Ikiwa inaingia kwa kidole bila kukaza, mtutu umeanza kutikisika na pengo si lile la kiwandani. Lakini Adams alitegemea tupa na mikono ya mafundi, hali Colt, kwa msaada wa msimamizi wa kiwanda chake, Elisha Root, alitegemea mashine zilizokaribia kutoa vipande vinavyofanana. Ndiyo maana Colt mbili za mwaka mmoja hufanana sana kwa ndani, wakati kila Adams ina tabia yake na hustahili kukaguliwa peke yake.

Kwenye umaliziaji nashauri kutulia, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi huliwa. Fremu na nyundo za Colt zilifungiwa katika chombo pamoja na mkaa wa mifupa, zikapashwa moto, kisha zikatoswa majini. Ngozi ya chuma iligumika, na juu yake yakabaki mawimbi ya buluu, hudhurungi na manjano ya majani makavu. Rangi za kweli hufifia mahali mkono ulipoligusa chuma na kubaki angavu kwenye sehemu zilizofichika na pembe za ndani. Zikiwa angavu sawasawa kila mahali, mtu amezirudia. Pitisha kidole kwenye kingo: silaha iliyosuguliwa kwa msasa hupoteza makali ya kona, herufi zikawa na midomo ya mviringo, na matundu ya skrubu yakawa kama sahani. Skrubu zenyewe ni mashahidi. Kwenye kazi bora ya London, mifuo yake ni myembamba, tena yote imelala upande mmoja na mtutu. Mifuo iliyotafunwa na bisibisi yasema nani alifungua, na kwa haraka gani.

Colt Navy ya 1851 ina kipimo chake cha pekee. Silinda yake imegandamizwa picha ya vita vya baharini vya Campeche, vya 16 Mei 1843, iliyochorwa na Waterman Ormsby. Mchoro huo ni wa kina kifupi mno, kwa hiyo ndio unaotangulia kufutika. Meli zikionekana na milingoti yake, silinda haijasuguliwa. Kisha soma namba: zilipigwa mtutuni, kwenye fremu, kwenye kinga ya kifyatulio, kwenye ukanda wa kitako, kwenye silinda, hata kwenye kabari. Zisipolingana, unatazama mchanganyiko.

Hataza ya Rollin White ya 1855, ya silinda iliyotobolewa mpaka nyuma, iliwapa Smith & Wesson soko la peke yao la rivolva za risasi zenye ganda hadi 1869. Baada ya hapo zikaja silaha zinazovunjika kati ili kumwaga maganda, kama Webley ya Birmingham iliyoingia jeshini Uingereza mwaka 1887. Katika hizo, kagua bawaba na komeo: zifunge, ushike kitako na mtutu, uzipinde kidogo. Chuma kisilie. Nagant ya 1895, kazi ya mafundi wa Liège iliyochukuliwa na Urusi, ilirudi kwenye wazo la Collier: nyundo inapovutwa, silinda yenye vyumba saba husogea mbele na kuliziba pengo. Kifyatulio chake ni kizito sana kwa sababu hiyo, na mimi huisamehe.

Mwisho, tafuta mihuri ya majaribio. Silaha ilifyatuliwa kwa baruti iliyozidi kipimo, na iliyonusurika ndiyo iliyopigwa muhuri: London chini ya chama cha mafundi bunduki kilichopewa hati mwaka 1637, Birmingham tangu 1813, Liège kwa herufi ELG ndani ya duara dufu. Muhuri huthibitisha nguvu ya chuma peke yake. Mihuri ya Birmingham na Liège inaweza kukutwa hata kwenye magobori yaliyouzwa Afrika, kwani Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa silaha mpya katika eneo kubwa la bara hili lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Kwa hiyo gobori iliyotundikwa ukutani mwa mzee isidharauliwe. Ikishahakikishwa kuwa tupu, litazame fungu la chini la mtutu, karibu na kitako, kwa mwanga wa pembeni. Kutu ikifunika alama, ilainishe kwa mafuta mepesi na kitambaa, na msasa usikaribie hapo.