Dola elfu moja na swali moja: tusome vizuri utafiti wa Tuungane

Wandugu wahitimu, na ninyi wadogo zetu mnaoandika memwari mwaka huu,

Kuna sentensi inayorudi sana katika kazi zetu za sayansi ya siasa: "wananchi wa vijijini hawana utamaduni wa demokrasia." Mtu anaiandika haraka, direkta anaipitisha, na siku ya kutetea hakuna anayeuliza imetoka wapi. Sasa wengine wameipatia na ushahidi: utafiti wa Macartan Humphreys na wenzake juu ya mradi wa Tuungane. Eti Wazungu walipima, wakakuta sufuri. Kwa maoni yangu, hiyo ni mojawapo ya kazi safi kabisa zilizofanywa juu ya watu wa upande wetu. Lakini haisemi kile tunachoisemesha, na mahali penye uzito zaidi kwetu sisi wa Tanganyika haikufika.

Kwanza tukumbushane mradi wenyewe. Tuungane ilianza 2007. Iliendeshwa na mashirika ya IRC na CARE kwa feza za serikali ya Uingereza, katika Kivu Kusini, Maniema na ile Katanga ya zamani, pamoja na Tanganyika yetu wakati ikiwa bado distrikti tu. Kijiji kinachagua komité kwa kura, komité inafundishwa namna ya kuitisha mikutano na kuonyesha hesabu, wakaaji wanachagua kazi ya kufanya, halafu feza zinakuja. Wazo lilikuwa hili: watu wakizoea kuchagua na kudai hesabu kwa muda wa miaka miwili, wataendelea hivyo hata kama ONG imefunga ofisi na kwenda.

Humphreys, mwanasayansi wa siasa aliyekuwa chuo kikuu cha Columbia kule New York, pamoja na Raúl Sánchez de la Sierra na Peter van der Windt, walitaka kujua kama wazo hilo ni la kweli. Vijiji vya kuingia katika mradi vilichaguliwa kwa bahati nasibu, si kwa sababu shefu wake anajuana na mtu. Mradi wenyewe uligusa vijiji 1,250. Baadaye watafiti wakapeleka dola 1,000 katika vijiji 457, vile vilivyopitia Tuungane na vile visivyopitia. Feza hizo hazikuwa na sharti: kijiji chenyewe kiamue nani ashike, zifanye nini, na nani aulize hesabu. Watafiti wakabaki kuangalia.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Yeyote aliyewahi kubeba tablete ya anketi anajua jambo hili, na mimi nimeibeba: ukifika na jile ya ONG, jibu limekwisha kufika mbele yako. Baba wa nyumba anaangalia nembo kwanza, ndipo anajibu. Ukimwuliza kama wanawake wanaweza kuongoza, anasema ndiyo. Ukimwuliza nani alichagua komité, anasema sisi wote. Hasemi uongo sana. Anakupokea vizuri tu, kama mgeni, juu ya kesho unaweza kurudi na vyandarua. Kwa hiyo maoni ya wananchi yaliyopimwa kwa maswali peke yake ni maoni ya mbele ya mgeni. Humphreys na wenzake walipima matendo, feza zikiwa mezani. Wengi wetu tungeridhika na asilimia za "ndiyo".

Matokeo? Hawakukuta tofauti. Kijiji kilichofundishwa miaka miwili na kijiji ambacho hakikufundishwa vilifanya karibu sawasawa: katika namna ya kuamua, na katika feza kuliwa au kutoliwa na wakubwa. Makala yao ya 2019, katika Journal of Development Economics, inasema wazi kwamba matokeo hayo yanatia shaka juu ya kazi ya kusafirisha demokrasia toka nje kuipeleka vijijini. Makala nyingine ya watafiti hao, ya 2018, inahusu sharti la kuweka idadi sawa ya wanawake na wanaume katika komité. Hapo pia hawakukuta badiliko walilolitazamia. Kutangaza "hatukukuta kitu" baada ya mradi mkubwa namna hiyo kunahitaji moyo.

Sasa tuje kwenye kosa la memwari zetu. "Hakuna tofauti kati ya A na B" si sawa na "A ni sufuri na B ni sufuri". Vile vijiji visivyofundishwa navyo vilipata dola 1,000, vikakaa, vikaweka watu wa kushika feza, vikachagua kazi. Vilifanya hivyo bila semina hata moja na bila bango ukutani. Utafiti unatuambia kwamba mafundisho hayakuongeza kitu juu ya kile kilichokuwapo. Hausemi kwamba hapakuwa na kitu. Ukitaka kuutumia kumhukumu mtu, mhukumu mwenye mradi aliyedhani kijiji ni chungu kitupu. Kumhukumu mwanakijiji kwa utafiti huo ni kuusoma kichwa chini.

Na angalieni upande wa siasa yenyewe, maana ndipo maoni na maamuzi yanapokutana. Ripoti kubwa ya utafiti ilitoka Juni 2012. Awamu ya pili ya Tuungane ilikuwa imekwisha anza. Yaani wakati watafiti wanahesabu kama dawa inaponyesha, mgonjwa amekwisha andikiwa chupa ya pili. Tunapenda kusema kwamba wakubwa wa Kinshasa hawasikilizi wananchi. Sawa. Lakini mfadhili naye hakungoja kusikia matokeo ya utafiti uliofanywa juu ya mradi wake mwenyewe.

Sasa lawama yangu kwa utafiti wenyewe. Ninazo mbili.

Ya kwanza: walipima demokrasia mahali ambapo uwezo haupo. Kwa Katiba ya 2006, kijiji si kitu kinachopata bajeti. Baada ya jimbo, wenye haki ya kujiongoza na kushika feza ni mji, komini, sekta na shefri. Kifungu 175 kinasema 40% ya mapato ya taifa ibaki katika majimbo. Sote tunajua hesabu hiyo imebaki ikiimbwa kuliko kulipwa. Baraza la sekta au la shefri, ambalo lingemwuliza mkubwa "feza imekwenda wapi?", mwananchi hajapewa nafasi ya kulichagua. Tarehe 20 Desemba 2023 tulichagua washauri wa komini, ila ni katika miji mikuu ya majimbo tu. Mtu wa Kalemie mjini alipiga kura hiyo. Ndugu yake aliye katika sekta au shefri hakuipiga. Basi kijiji kinafundishwa kudai hesabu, lakini juu yake hakuna mlango wa kugonga. Ukimfundisha mtu kuogelea mahali pasipo maji, usishangae kwamba hajabadilika. Watafiti walipima mwogeleaji kwa uangalifu mkubwa, ziwa hawakulipima.

Ya pili ni nzito zaidi kwetu. Katika hoja yao kuu, "kijiji" ni kitu kimoja, au sana sana kina pande mbili: wakubwa na raia, wanaume na wanawake. Hapa Tanganyika kuna mpaka mwingine, kati ya Batwa na Baluba. Miaka iliyofuata tuliona matokeo yake: vijiji vilichomwa, na mwaka wa 2017 watu wa jimbo letu waliokimbia makwao walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, wengi wao chini ya maturubai kandokando ya mji huu. Mkutano unaweza kujaa, kura ikapigwa, hesabu ikasomwa kwa sauti, na Mtwa anayeishi mwisho wa njia hakuitwa. Kwenye karatasi ya anketi kijiji hicho kinapata alama nzuri. Ninaloliuliza ni hili: maoni ya nani ndiyo yanahesabiwa kuwa "maoni ya kijiji"?

Humphreys mwenyewe alikuwa na kifaa cha kufungulia swali hilo. Mwaka 2004, kule São Tomé na Príncipe, wananchi waliitwa katika mikutano nchi nzima kujadili namna ya kutumia feza za petroli. Yeye na wenzake, katika makala ya 2006, walionyesha kwamba maoni ya mkutano yalifuata sana mtu aliyeuongoza: badilisha kiongozi wa mazungumzo, na "sauti ya wananchi" inabadilika. Tuweke jambo hilo hapa. Swali limeandikwa kwa Kifaransa, anketeri analigeuza papo hapo kwa Kiswahili chetu, kwa Kitabwa au kwa Kiluba, shefu amekaa karibu anasikiliza. Jibu linalofika Kinshasa au London ni la nani?

Kwa hiyo, wandugu, tusifunge kitabu kwa kusema kwamba Wazungu wamekosea, wala kwamba wananchi wameshindwa. Mnaotafuta kichwa cha memwari, mkichukue hapa. Nendeni mkaangalie washauri wa komini waliochaguliwa 2023: nani anawauliza, na wao wanamuuliza nani? Keti katika mkutano wa kijiji uandike si kilichoamuliwa tu, bali nani alisema wa kwanza, nani alinyamaza na nani hakuitwa. Na ukimaliza anketi, rudi kwa watu uwasomee ulichoandika juu yao. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji nauli ya piki na saburi. Kuuliza si ujinga, tunasema hivyo kila siku. Lakini mtu aliyeulizwa mara kumi bila kurudishiwa hata jibu moja, mara ya kumi na moja atakupa jibu la kukuondoa mlangoni, na wewe utaliita maoni ya wananchi.