Farumi ya Mwalimu

Kuzama hakuhitaji fundi. Mtumbwi wenye ufa utazama, na jahazi lililopakiwa kupita kiasi litazama. Kazi ni kuzama kwa hiari, kutulia chini, kisha kurudi juu watu wote wakiwa hai. Aliyeiweza kazi hiyo kuliko wenzake wengi wa zama zake alikuwa mwalimu wa shule.

John Philip Holland alizaliwa 1841 huko Liscannor, pwani ya magharibi ya Ireland, baba yake akiwa mlinzi wa pwani. Macho yake mabovu hayakumruhusu kuwa baharia, akashika chaki. Mwaka 1873 alihamia Marekani, na hakuwa amekaa sana Boston alipoteleza kwenye barafu akavunjika mguu. Akiuguza mguu huo alizirudia hesabu zake za chombo cha kwenda chini ya maji.

Kiini cha hesabu zile ni jambo ambalo mabaharia wetu wana neno lake: farumi. Jahazi lisilo na shehena hutiwa mawe au mchanga tumboni ili litulie, na nahodha mwangalifu huhakikisha uzito huo hauhami wimbi linapolilaza jahazi upande. Farumi ya nyambizi ni maji ya bahari yenyewe, na maji hayajui kukaa mahali pamoja. Katika miaka ya 1880 Nordenfelt, mwenye viwanda kutoka Sweden, aliwauzia Wagiriki na Waturuki nyambizi za mvuke zilizoshindwa hapohapo. Omo ikiinama kidogo, maji yaliyomo ndani yalikimbilia omo; ikinyanyuliwa, yakakimbilia tezi. Chombo kikawa kinapanda na kushuka kama mizani iliyokosa ratili yake.

Holland alitaka matangi makuu yajazwe pomoni, maji yasipate nafasi ya kuchezacheza, na kitovu cha uzito wa chombo kisihame. Kisha akaongeza wazo ninaloliona kubwa kuliko yote. Hata matangi yakijaa, nyambizi yake ilibaki nyepesi kidogo kuliko maji yaliyoizunguka. Wakati wote ilitaka kupanda. Ilishuka kwa mwendo tu, rafadha ikisukuma na mapezi ya tezi yakiielekeza omo chini, kama pomboo anavyopiga mbizi. Mota ikizimika, chombo kinaanza kupanda chenyewe. Uhai wa mabaharia aliukabidhi kwa tabia ya chombo, usitegemee wepesi wa mikono ya mtu aliyeshikwa na hofu gizani.

Na topedo je? Ikifyatuliwa, omo hupoteza mamia ya kilo kwa mpigo mmoja, nayo ingeruka juu na kujionyesha kwa adui. Kwa hiyo maji ya bahari huingizwa kujaza pengo la uzito ulioondoka. Mtu anayekumbuka hata uzito wa kitu kilichokwisha toka, huyo ndiye ninayemwita fundi.

Mwaka 1895 Jeshi la Majini la Marekani liliipa kampuni yake mkataba wa nyambizi iliyoitwa Plunger, lakini likashikilia iwe na injini za mvuke. Ndani joto halikuvumilika, na mradi ukaachwa. Wakati huo Holland alikuwa ameshaanza kujenga nyingine kwa fedha za kampuni na kwa mawazo yake mwenyewe: petroli juu ya maji, umeme wa betri chini. Machi 1898 ilipiga mbizi na kuibuka salama karibu na Staten Island. Aprili 1900 jeshi likainunua kwa dola 150,000.

Kinachofuata kinauma. Vyombo vyake vya mwanzo viligharamiwa na Wafeniani, Waairishi waliotaka kuung'oa utawala wa Uingereza nchini mwao. Kimoja, cha 1881, kilibatizwa Fenian Ram. Karibu miaka 20 baadaye kampuni ya Electric Boat, iliyokwisha miliki hataza zake, iliwauzia Waingereza haki ya kuijenga nyambizi ya Holland. Oktoba 1901 kiwanda cha Vickers cha Barrow-in-Furness kikaishusha majini Holland 1, nyambizi ya kwanza ya Jeshi la Majini la Uingereza. Kwa hiyo jeshi ambalo silaha yake ya mwanzo iliundwa kulipiga ndilo lililokuja kubeba jina lake.

Urefu wa Holland 1 ulikuwa mita 19 na nusu hivi. Watu wanane walibanana humo pamoja na betri, topedo na injini ya petroli ya nguvu za farasi 160. Mvuke wa petroli uliweza kuwalewesha, tena uliweza kulipuka. Hivyo walibeba panya weupe kizimbani, na panya wakilegea ilijulikana hewa imechafuka. Mwaka 1903 mlipuko ulijeruhi watu wanne.

Mchoro wa Holland haukuwa na periskopu. Ili kuona, ilibidi kuibua mnara mdogo, kuchungulia kwenye vioo vyake, kisha kuzama tena. Kapteni Reginald Bacon, aliyekabidhiwa nyambizi za Uingereza, alishirikiana na Howard Grubb, mtengenezaji darubini wa Dublin, wakaweka bomba lililolazwa juu ya sitaha na kusimamishwa kwa kiungo kinachozunguka. Ukitazama mbele, picha ilisimama wima. Ukigeukia ubavuni, ililala. Ukitazama nyuma, meli zilielea kichwa chini. Mabaharia wakajifunza kuisoma bahari hivyohivyo, na jicho lililozoezwa namna hiyo lina ufundi wake.

Vita haikupigana. Oktoba 1904, manowari za Urusi zilipowafyatulia wavuvi wa Kiingereza huko Dogger Bank, Holland 1 na wenzake walitoka kwenda kuzivizia, wakarudishwa kabla ya kufyatua chochote. Kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha: humo wanamaji walijifunza kuishi chini ya maji. Nadhani inafaa, ukikumbuka ilitoka mkononi mwa nani.

Mwaka 1913 iliuzwa kama chuma chakavu kwa pauni 410. Ikiwa inaburutwa kwenda kuvunjwa, ilizama karibu na mnara wa taa wa Eddystone. Holland alifariki Newark tarehe 12 Agosti 1914, vita kuu ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Nyambizi iligunduliwa 1981, ikaopolewa 1982. Chumvi ikaendelea kuila hata nchi kavu, mpaka wahifadhi wakailoweka kwa miaka katika tangi la kabonati ya sodiamu, jamii ya magadi yetu.

Sasa imo katika makumbusho ya nyambizi huko Gosport. Ukibahatika kufika, msomaji wangu, jicho lako litavutwa kwanza na bomba la topedo. Litazame, kisha uliza yalipo matangi ya farumi, ukayatazame kwa muda mrefu zaidi.