Nyota Njema Huonekana Jioni: Tahakiki ya Mchezo wa Mario Party

Wahenga walinena kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Methali hiyo imesimama juu ya imani kongwe: kwamba mwisho wa jambo umefichwa ndani ya mwanzo wake, na mwenye macho hahitaji kungoja machweo ili amtambue atakayefaulu. Mchezo wa video uitwao Mario Party, uliotolewa kwa mara ya kwanza nchini Japani tarehe 18 Desemba 1998, umeipindua methali hiyo juu chini. Ndani yake nyota njema huonekana jioni, pale zamu zote zilipokwisha na kila aliyeketi anadhani amekwisha kumjua mshindi. Hapo ndipo hutangazwa nyota 3 za ziada, na aliyekuwa wa tatu huweza kuamka wa kwanza. Kwa nyota hizo mchezo huu umelaaniwa na wengi, na kwa nyota hizo hizo umependwa. Yafaa kuuliza kama waliolaani wameusoma hadi kituo chake.

Mario Party ulitengenezwa na kampuni ya Hudson Soft na kutolewa na Nintendo kwa mashine ya Nintendo 64, ambayo ilikuwa na matundu 4 ya kuchomekea pedi za kuchezea. Idadi hiyo ndiyo iliyouzaa mchezo, kwani ni mchezo wa watu 4, na akipungukiwa mmoja basi mashine yenyewe hushika nafasi yake. Wahusika ni 6, wote wakiwa nyuso zilizokwisha kujulikana katika michezo mingine ya Nintendo: Mario, fundi bomba mwenye kofia nyekundu; nduguye Luigi; binti mfalme Peach; Yoshi, mnyama wa kijani wa jamii ya dinosaria; Wario mwenye uroho; na sokwe Donkey Kong. Kisa kinachowakutanisha ni chepesi mno. Wanagombana ni nani kati yao anayestahili kuitwa nyota kuu, na ugomvi huo unapelekwa ubaoni ukaamuliwe kwa dadu.

Asili ya umbo hili ni ya Kijapani na ni ya zamani. Wajapani wana mchezo wa karatasi uitwao sugoroku, ambao katika sura yake ya picha huchezwa kwa kurusha dadu na kusogea hatua kwa hatua kutoka mwanzo hadi mwisho, na tangu zama za Edo umekuwa burudani ya mwaka mpya. Hudson Soft wenyewe walikwisha kuuingiza mtindo huo katika mashine mwaka 1988, walipotoa Momotaro Dentetsu, mchezo wa kusafiri kwa treni katika ramani ya Japani. Kwa hiyo Mario Party si jambo lililoshuka kutoka mawinguni. Ni bahari ya zamani iliyotungiwa shairi jipya.

Upya wenyewe u katika mpango wa zamu. Kila mchezaji hupiga dadu yenye namba 1 hadi 10, akasogea juu ya miduara. Akitua kwenye buluu hupata sarafu 3. Akitua kwenye nyekundu hupoteza 3. Wakishasogea wote wanne, ubao hufungwa, na huja mchezo mdogo wa muda mfupi: kukimbia, kuvuta kamba, kusukumana juu ya mipira, kukumbuka mpangilio. Michezo midogo hiyo ni zaidi ya 50 katika toleo la kwanza. Ukiisha, ubao hurudi, na dadu hupigwa tena. Mtu aliyezoea utungo wa arudhi ataitambua hali hii mara moja. Ubao ni mizani, haubadiliki. Mchezo mdogo ni kina, hurudi mahali pake kila mwisho wa mshororo, lakini kila mara kwa neno jipya. Sikio hutulia kwa sababu linajua kina kitakuja, na hushtuka kwa sababu halijui kitakuwa neno gani.

Kuna ufundi mwingine ambao haupigi kelele. Rangi ya muduara aliotua mchezaji ndiyo inayoamua atacheza na nani. Wakiwa wote buluu, kila mtu hupambana kivyake. Wawili buluu na wawili nyekundu, huwa timu mbili. Mmoja akiachwa na rangi yake, hupigana peke yake dhidi ya watatu. Aliyekuibia sarafu zamu iliyopita huenda zamu hii akawa mwenzio wa kushika kasia. Nasibu ndiyo inayofunga na kufungua urafiki, wala hakuna anayepewa nafasi ya kununa kwa muda mrefu.

Lengo la yote ni nyota. Nyota huuzwa kwa sarafu 20, na ikishanunuliwa, katika bao nyingi huhamia mahali pengine. Hapa lugha ya Kiswahili inaufafanua mchezo kuliko lugha ulimozaliwa. Kwa Waswahili nyota si taa ya mbinguni tu. Mtu huzaliwa na nyota, nyota yake hung'aa au huzimwa, na aliyefunguliwa milango ya heri husemwa ana nyota ya jaha. Nyota ni bahati yenyewe, ile isiyotafutwa kwa jasho. Ndipo mtu anapouona utani wa Mario Party: unaiuza bahati kwa bei ya duka, halafu, baada ya mnunuzi kufikiri kwamba imekuwa mali yake, unamkumbusha kwamba bahati haina risiti.

Mabao yenyewe yanasimulia utani huo kila moja kwa namna yake. Katika kisiwa cha Yoshi, muuza nyota na jitu Bowser wanakaa visiwa viwili tofauti, na mtu akitua kwenye alama ya kuuliza, wawili hao hubadilishana makazi; aliyekuwa amebakiza hatua mbili aifikie heri hujikuta amebakiza hatua mbili aifikie shari. Katika keki ya Peach nyota haihami. Mchezaji hulipa sarafu 10, huchagua mbegu moja kati ya 4, na moja ya mbegu hizo humpeleka kwa Bowser badala ya kwenye nyota. Hakuna hesabu itakayoitambua mbegu hiyo. Lililobaki ni kuchagua, na kukubali kwamba umechagua.

Mcheza bao wa mwambao atatikisa kichwa. Bao la Kiswahili halina dadu. Kete 64 zote zina hesabu yake, na fundi huona mitaji mingi mbele kabla mkono haujanyanyuka. Akishindwa hana wa kumlaumu ila akili yake. Huo ni ukumbi wa heshima kubwa, lakini una mlango mwembamba. Mwanagenzi hakai na fundi ila kwa kufundishwa au kuchekwa, na watoto husimama pembeni wakitazama migongo ya wakubwa. Bao huwatenga watu kwa daraja zao, na ndiyo kazi yake. Mario Party una kazi nyingine: kumketisha binti wa miaka minane pamoja na kaka yake wa miaka kumi na saba na mjomba ambaye hajapata kushika pedi, na kuwaweka hapo mpaka zamu ya mwisho, kila mmoja akiwa na sababu ya kutoondoka. Ustadi peke yake hauwezi kazi hiyo. Anayejua kwamba ameshindwa tangu zamu ya tano huinuka akaenda zake, na baraza hubaki tupu.

Hapo ndipo nyota za jioni zinapopata maana. Katika toleo la kwanza ni 3. Moja hupewa aliyechuma sarafu nyingi zaidi katika michezo midogo. Huyo ni mwenye ustadi. Ya pili hupewa aliyewahi kushika sarafu nyingi zaidi kwa wakati mmoja, hata kama baadaye zote zilimponyoka. Huyo ni mwenye mali, au aliyewahi kuwa nayo. Ya tatu hupewa aliyetua mara nyingi zaidi kwenye alama za kuuliza, yaani aliyepatwa na matukio. Wakosoaji wameikejeli zaidi hii ya tatu, wakiuliza ni sifa gani kupatwa na jambo usilolitaka. Swali ni zuri, na jibu lake ndilo moyo wa mchezo. Aliyetua kwenye alama za kuuliza ndiye aliyeporomoshwa, aliyerudishwa nyuma, aliyechekwa na wenzake watatu. Mchezo ulikuwa ukimtazama wakati wote, na mwisho unasema: na hili nalo lilihesabiwa. Mashindano machache mno duniani huthubutu kulipa ujira kwa madhila.

Jambo lingine halipo kwenye skrini kabisa. Kuna jini jeupe, Boo, ambaye mchezaji akimpitia humtuma kuiba. Sarafu huiba bure. Nyota ya mwenzio huiba kwa sarafu 50. Ila lazima umtaje mwenye kuibiwa. Katika kitambo hicho watu huanza kubembelezana, kukumbushana wema wa zamani, kutishana, kurusha mafumbo. Aliyewahi kukaa katika ukumbi wa taarabu wakati wimbo unapomlenga mtu aliyeketi safu ya tatu anaujua ukimya ule unaotangulia kicheko. Mashine hutoa bahasha. Maneno yaliyomo huandikwa na waliopo.

Pamoja na hayo, mchezo una dosari, na si ndogo. Ya kwanza ni muduara wa bahati unaofungua vibao 3 vya kupigwa: viwili huamua ni nani na nani, cha tatu huamua nani ampe mwenzie nini. Huweza kubadilisha nyota zote za watu wawili kwa pigo moja. Nyota za jioni hupima mambo yaliyotendeka. Muduara huu haupimi kitu. Unafuta. Mchezo wenye busara ya kuyahesabu madhila hapa unasahau hesabu yake mwenyewe, na aliyepokonywa ana haki ya kulalamika. Ya pili ni uzito wa mwendo. Mchezo kamili ni wa zamu 50, na kila kihusika akisogea wengine hutazama. Kuna nyakati ambapo subira ya watu hutumiwa kama maji ya bwerere.

Ya tatu iliuma mwilini. Baadhi ya michezo midogo, kama kuvuta kamba kwa mmoja dhidi ya watatu, ilidai kijiti cha pedi kizungushwe kwa kasi. Watoto waligundua kwamba kiganja kina kasi kuliko kidole, na viganja vikachunika. Mwaka 2000, kufuatia uchunguzi wa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, Nintendo walikubali kugawa glavu za kukinga mikono na kulipa dola 75,000 za gharama. Ni kichekesho chenye funzo: mchezo uliosifiwa hapa kwa kuupunguza ustadi ulijeruhi watu pale ulipodai nguvu tupu. Kuvuta kamba kulirejea katika Mario Party Superstars ya tarehe 29 Oktoba 2021, safari hii kukitanguliwa na onyo la kutotumia kiganja.

Warithi wa mchezo huu wamehangaika na mzani huo huo. Toleo la 9, la mwaka 2012, liliwapandisha wote wanne katika chombo kimoja, wakasafiri pamoja. Likapoteza raha ya kuachana njiani na kukutana kwa hila. Superstars ilirudisha mabao 5 ya zamani, na ikaruhusu nyota za ziada zizimwe kwa anayetaka. Super Mario Party Jamboree, ya tarehe 17 Oktoba 2024, ilikwenda mbali zaidi kwa kuweka kanuni za wabingwa: muduara wa bahati umeondolewa, na nyota ya ziada hubaki moja, inayotangazwa tangu mwanzo. Kuuondoa muduara ule ni haki. Kuitangaza nyota mapema ni jambo jingine. Nyota ikishatangazwa asubuhi huwa kazi kama kazi nyingine. Watu wataikimbilia, na mwenye mbio ataipata. Atakayekosa ni yule ambaye hakujua kama anahesabiwa.

Kila zama hupenda kuamini kwamba walio juu wamepanda kwa ngazi ya ustadi wao pekee, na walio chini wamekaa walipostahili. Mchezo wa watoto, wenye sokwe na binti mfalme, unakataa imani hiyo bila ya kuhubiri. Unamwacha mwenye ustadi ashinde mara nyingi, kisha humkumbusha kwamba palikuwa na mbegu 4 na yeye aliangukia njema. Humwacha aliyeporomoka akae hadi mwisho, maana huenda jina lake likaitwa. Anayetaka kuzizima nyota za jioni aruhusiwe. Ni mchezo wake. Lakini ajue atakaobaki nao barazani: wale tu ambao nyota zao zilionekana asubuhi.