Mizani Kwanza, Macho Baadaye: Jinsi Sarafu Ndogo za Fedha Zinavyotambuliwa

Katika tamthilia ya Nyigu, iliyochezwa Athens mwaka 422 K.K., Aristophanes anamweka jukwaani mzee anayelalamika kwamba ametapeliwa. Yeye na mwenzake walipewa drakma moja wagawane. Mwenzake akaenda kuivunja kwa wauza samaki, akarudi na kumtia mkononi magamba matatu ya samaki. Mzee akadhani ni oboli, akayatupia mdomoni, kwa kuwa huko ndiko watu wa mji ule walikobeba chenji. Harufu ndiyo iliyomzindua, akatema.

Watazamaji walicheka kwa sababu kosa hilo liliwezekana. Oboli ya Athens ina gramu 0.72 hivi, na upana wake haufiki sentimita moja kwa nyingi zake. Nusu oboli ni gramu 0.36. Robo oboli ni 0.18, yaani kipande cha fedha kidogo kuliko punje ya dengu, nacho kimepigwa chapa pande zote mbili. Mkusanyaji wa leo akikipata kipande kama hicho hukimbilia lenzi, akakodoa macho atafute kichwa cha simba au bundi. Kwa maoni yangu anaanzia mwisho. Chombo cha kwanza ni mizani inayosoma hadi gramu 0.01.

Sababu ni kwamba kila mji mkubwa wa Wagiriki ulikuwa na kipimo chake. Drakma ya Athens ilikuwa gramu 4.3 hivi, nayo iligawanywa oboli sita. Drakma ya kisiwa cha Aegina ilikuwa nzito zaidi, kama gramu 6.1, kwa hiyo oboli yake inakaribia gramu moja kamili. Korintho ilikuwa na stateri, yaani sarafu yake kuu, ya gramu 8.6, lakini iliigawa mara tatu, si mara mbili kama Athens ingefanya. Huko Ionia, katika pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo, Miletos ilifuata stateri ya gramu 14.1 na kuigawa kumi na mbili. Ndiyo maana visarafu vya Miletos vyenye simba anayetazama nyuma, ambavyo ni miongoni mwa vinavyopatikana kwa wingi kabisa sokoni, huangukia kwenye gramu 1.1 hadi 1.2.

Hapa pana kanuni ambayo wanaoanza huisahau. Sarafu huchakaa, humeguka, huliwa na udongo. Kwa kawaida hupungua, haiongezeki. Kwa hiyo uzito unaousoma mezani ni wa chini, na kipimo cha asili kiko hapo au juu yake kidogo. Kipande cha gramu 0.60 kinaweza kuwa oboli ya Athens iliyochoka. Kipande cha gramu 0.95 hakiwezi. Kabla hujaangalia picha yoyote, umeshafuta nusu ya majina yaliyokuwa yakikupita kichwani.

Baada ya mizani, igeuze sarafu utazame mgongo wake. Sarafu hizi zilipigwa kwa mkono: muhuri wa uso uliwekwa kwenye fuawe, kipande cha fedha kikalazwa juu yake, kisha patasi ikagongwa kwa nyundo. Katika karne ya 6 na mwanzoni mwa karne ya 5 K.K., patasi nyingi hazikuwa na picha. Kazi yake ilikuwa kuisukuma fedha iingie kwenye muhuri, na ncha yake ikaacha shimo la mraba mgongoni. Baadaye mafundi walianza kuchora ndani ya mraba huo: ua lenye umbo la nyota huko Miletos, kichwa cha simba huko Kyzikos, ambako usoni yupo nguruwe mwitu na nyuma yake samaki jodari. Jodari huyo ndiye alama ya mji. Ukimwona, kazi imekwisha.

Lakini shimo la mraba peke yake si cheti cha uzee. Miji ya Cherronesos, kwenye rasi ya Thrace, iliendelea kulitumia hadi karne ya 4 K.K. Nusu drakma zake za gramu 2.4, zenye simba aliyegeuza shingo na mgongo uliogawanywa robo nne, huuzwa kila siku kwa watu wanaoamini wamenunua kitu cha zamani za Kroisos, mfalme wa Lydia wa karne ya 6 K.K. Bei yake ni nafuu na kazi yake ni nzuri. Kasoro ni hadithi inayoambatanishwa nayo.

Mji ninaoupenda kuliko yote katika taaluma hii ni Kolophon, jirani wa Efeso. Mafundi wake walifanya jambo ambalo wengine hawakulifikiria: walichonga thamani kwenye sarafu yenyewe. Mgongoni mwa robo oboli waliunganisha herufi za Kigiriki TE, mwanzo wa tetartemorioni, na mgongoni mwa nusu oboli wakaweka HM, mwanzo wa hemioboli. Uso wa zote mbili una kichwa cha Apollo, na tofauti ya uzito ni gramu 0.2 tu, kiasi ambacho kidole hakiwezi kukipambanua. Bila herufi hizo muuza mboga angepunjwa kutwa nzima. Athens ilitatua tatizo lilelile kwa picha: bundi anayekutazama ana kwa ana kati ya matawi mawili ya mzeituni ni nusu drakma, hilali tatu ni robo tatu za oboli, hilali moja ni robo. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuhesabu.

Kwa Kolophon tuna ushahidi mwingine wenye uzito zaidi. Mwaka 2008 Henry Kim na John Kroll walichapisha uchambuzi wa akiba moja ya kale yenye visarafu zaidi ya 900 vya mji huo pamoja na vipande vya fedha visivyopigwa chapa. Kwa muda mrefu wanahistoria walishikilia kwamba sarafu za mwanzo zilikuwa kubwa, za kulipia askari na kodi, na kwamba mtu wa kawaida hakuzihitaji. Akiba kama hiyo inalipinga wazo hilo. Anayepiga robo oboli kwa mamia anataka watu wanunue mkate. Sarafu ndogo kama hizo zilikosekana kwenye vitabu vya zamani kwa sababu rahisi: wachimbaji wa wakati ule hawakuchekecha udongo, na kitu cha gramu 0.2 hupotea kwenye kifusi.

Sasa nije kwenye udhaifu wa njia hii. Visarafu vingi havina jina la mji, wala herufi, wala jodari. Vina kichwa cha mnyama, shimo, basi. Mizani itakupa kipimo, mtindo utakupa karne, lakini miji mitatu jirani inaweza kuwa imetumia kipimo kimoja na mnyama mmoja. Hapo kinachoamua ni mahali sarafu ilipookotwa na vitu vilivyokuwa pamoja nayo.

Mfano ulio wazi kuliko wote ninaoujua unatoka kwetu. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, karibu na Wete, Pemba, ilipatikana akiba ya visarafu vya fedha zaidi ya 2,000, na mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake wakaichambua. Vina majina ya watawala wa hapa pwani na maneno ya kumtegemea Mungu; havina mwaka, havina mji. Tunajua ni vya karne ya 11 kwa sababu ndani ya akiba hiyohiyo zilikuwemo dinari za dhahabu, ambazo huandikwa mwaka, na ya mwisho ni ya 1066 hivi. Kama mtu angaliiuza dhahabu Mombasa na fedha Muscat, tusingalikuwa na tarehe. Mwaka huohuo, 1984, karibu na Elmalı nchini Uturuki, watu walichimbua kwa siri sarafu za fedha zipatazo 1,900 za karne ya 5 K.K. Zilitoroshwa nje na kugawanywa kwa wanunuzi, na ilipofika 1999 ndipo nyingi zikarudishwa baada ya kesi ndefu. Kilichoweza kusomwa kule kilisomwa kwa kuokoteza.

Kuhusu bandia, usidhani udogo unakulinda. Athens yenyewe ilikuwa na mkaguzi wa fedha kwenye soko kuu, na sheria ya Nikophon ya mwaka 375/374 K.K. ilimwamuru akate katikati kila sarafu yenye shaba au risasi ndani, kisha aitoe wakfu kwa Mama wa Miungu. Katika zama zetu, mwaka 1988 soko la London lilifurika dioboli (sarafu za oboli mbili) za Apollonia Pontika na Mesembria, vipande vya gramu 1.2 hivi. Mabishano yakawa makali, na wataalamu wengi wakaishia kuzikataa. Kila tundu dogo, kila ukingo uliolainika kupita kiasi, unastahili lenzi. Hapa ndipo lenzi inapata kazi yake.

Kuna ushauri unaozagaa kwamba upime msongamano kwa kuizamisha sarafu majini. Kwa drakma nne unafaa. Kwa nusu gramu haufai, na hesabu yake ni fupi: fedha ya gramu 0.50 husukuma maji ya gramu 0.048, shaba ya uzito huohuo husukuma 0.056. Tofauti ni 0.008, chini ya kile ambacho mizani yako ya 0.01 inaweza kuona. Utapata jibu, na jibu hilo halina maana.

Wala usiisugue wala kuitia asidi. Fedha iliyokaa ardhini miaka 2,400 hugeuka kuwa dhaifu kama biskuti, na ule weusi unaokuudhi ndio unaoishikilia.

Kama unakusanya, dai karatasi zinazoonyesha sarafu ilitoka wapi na imepita kwa nani, na muuzaji asiye nazo mwache na mali yake. Andika uzito, upana na asili ya kila kipande kwenye daftari moja usilotenganisha nazo. Na ukikuta kipande cheusi, chembamba, chenye herufi za Kiarabu kwenye mchanga wa Pemba, Lamu au Kilwa, usikiokote: piga picha, weka alama ya mahali, kisha wajulishe watu wa makumbusho wa eneo hilo.