Penseli Kabla ya Theluji

Katika milima ya Alpi ya Uswisi, safari ya kupanda mlima kwa skii, yaani mbao mbili nyembamba zinazofungwa miguuni ili mtu apite juu ya theluji badala ya kuzama ndani yake, huanzia mezani, jioni moja au mbili kabla ya viatu kuvaliwa. Upangaji huo ni ufundi kamili wenye vipimo na lugha yake, ingawa sifa zote humwendea anayeteleza, na aliyeichora njia hatajwi.

Nyenzo yake ya kwanza ni ramani ya kipimo cha 1:25,000, ambamo mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye kimo kimoja, huachana kwa mita 20 za kimo. Mpangaji huisaka kwanza miteremko ya nyuzi 30 na zaidi, kwa kuwa maporomoko mengi ya theluji yanayoua watelezaji huanzia huko. Na katika ramani hiyo nyuzi 30 ni nafasi isiyofika milimita moja na nusu baina ya mstari na mstari. Jicho lililozoea huiona nafasi hiyo bila rula, kama fundi cherehani aonavyo kitambaa kilichokatwa kombo. Ramani za kompyuta sasa huipaka rangi miteremko hiyo, na ni msaada mkubwa, ila rangi haijui ni theluji gani iliyoanguka jana.

Habari za theluji hutoka Davos, ambako taasisi ya utafiti wa theluji hutoa taarifa saa 11 jioni katika majira ya baridi, ikiipima hatari kwa ngazi 5. Mwanagenzi husoma namba, akaiona ngazi ya 3 kuwa ya katikati na hivyo ya kuvumilika, ilhali sehemu kubwa ya vifo hutokea katika siku za ngazi hiyo hiyo. Stadi husoma maneno yanayoifuata namba: ni upande gani wa mlima, kuanzia kimo gani, na kwa sababu ipi, pengine kwamba upepo umeisukuma theluji nyuma ya kigongo na kuishindilia ikawa bamba, yaani tabaka lililoshikamana lililokaa juu ya tabaka dhaifu, likingoja uzito wa mtu mmoja.

Kisha huja hesabu ya muda, ambayo kiongozi wa milima Werner Munter aliifanya nyepesi kiasi cha kufanyika kichwani: kilomita za njia hujumlishwa na mamia ya mita za kupanda, na jumla hugawanywa kwa 4. Njia ya kilomita 6 yenye mita 1,200 za kupanda huhitaji saa nne na nusu, mbali na mapumziko. Kutokana na hesabu hiyo huandikwa saa ya kugeuka, ambayo ndiyo kiini cha mpango wote, kwani huamuliwa na kichwa kilichotulia kwa niaba ya kichwa kitakachokuwa kimechoka na kukiona kilele kikiwa karibu.

Kazi bora ya ufundi huu haiachi alama yoyote: taarifa ya jioni husomwa, njia iliyochorwa kwa siku mbili hufutwa kwa raba, na kundi zima hulala mpaka jua lipande.