Mbuzi ya Nazi na Kipimo cha Mabaki

Katika karakana za Keko, wilayani Temeke, Dar es Salaam, fanicha kubwa ndiyo inayosimamishwa mbele: vitanda, makabati, milango ya paneli. Vibao vya chapati, vigoda na mbuzi za nazi hukaa pembeni, aghalabu vimelaliana karibu na fungu la vipande vilivyovizaa. Nataka tukae na kimoja kati ya hivyo, mbuzi ya kukunjwa iliyochongwa kwa mabaki ya mninga, kwa sababu katika kundi lake hakuna kifaa ambacho fani yake imebanwa zaidi, wala kinachoujibu mbano huo kwa akili zaidi.

Muundo wake ni wa mbao mbili zinazopishana. Ubao mrefu umekanyaga chini kwa ncha ya nyuma, na kwa ncha ya mbele umebeba chuma chenye meno. Ubao mfupi unaukata kwa kupita katika tundu lililotobolewa katikati ya ule mrefu: nusu ya chini ya huo mfupi imepunguzwa upana ili ipenye, nusu ya juu imeachwa pana ili ipokee makalio. Pale upana unapobadilika pamebaki mabega mawili, na mabega hayo ndiyo sentensi kuu ya matini hii. Fundi hakuyakata kwa pembe mraba, bali kwa mshazari, ili kifaa kikifunguliwa yalale bapa juu ya ubao mrefu. Makutano hayana gundi wala bawaba. Upo msumari mmoja mnene uliopigwa ubavuni kuwa mhimili, nao kwa hakika hubeba kidogo sana, kwani mtu akikaa uzito wake huyasukuma mabega yagote na kiti kikatulia. Nguvu ambayo ingekivunja kifaa imepewa kazi ya kukifunga.

Tazama pia nyuzi za mbao zilivyoelekezwa. Pande zote mbili za tundu ubao mrefu umebaki na vipande vyembamba viwili tu, na hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi: nyuzi zikipita mshazari, au fundo likiangukia hapo, ubao utapasuka siku mtu mzito atakapokikalia kifaa. Katika mfano huu fundo lipo, jeusi, la ukubwa wa kifungo cha koti, lakini limewekwa kwenye ubao mfupi, katikati ya sehemu pana ya kukalia, ambako haliwezi kudhuru. Mtu aliyenunua ubao mzima angelikwepa fundo hilo kwa kukata mbele zaidi. Mwenye kipande hana mbele zaidi. Ilimbidi aanze na fundo, kisha apange vipimo vingine vyote kulizunguka, na kwa hiyo kasoro ya mti ndiyo iliyoamua kitako kianzie wapi na kiishie wapi.

Naomba kuuita mpaka wa namna hii kipimorithi: kipimo ambacho kazi hairithi kutoka kwa mahitaji yake yenyewe, bali kutoka kwa kazi nyingine iliyotangulia. Msomaji wa mashairi atakimbilia kuulinganisha na mizani, na ulinganisho huo una haki yake, ila una dosari. Malenga mwenye kutunga kwa mizani nane kwa nane ameichagua bahari yake kabla ya kuanza, au walau ameikubali. Fundi wa mabaki hajaichagua. Upana wa ubao wa inchi moja kwa nane uliamuliwa na mashine ya kupasulia, na urefu ukaamuliwa na mlango wa mtu asiyemjua. Hapa tunakaribia zaidi mwingilianomatini, na ushahidi wake uko ubavuni mwa ubao mrefu: mfereji mwembamba, ulionyooka, usiohusiana kwa vyovyote na nazi. Ni ule mfereji ambao hupokea paneli katika fremu ya mlango. Fundi angeweza kuuranda ukaisha, lakini angepoteza upana ambao tundu linauhitaji. Ameuacha, na ameugeuzia upande ambao vidole hushika kifaa kinapobebwa kimekunjwa. Mlango umekuwa mshikio. Sijui kama alikusudia, na kwa uhakiki huu si lazima awe alikusudia. Inatosha kwamba mkono unapafikia pale bila kutafuta.

Upande wa juu umepigwa msasa na kupakwa vanishi. Upande wa chini umeachwa na alama za msumeno, mistari iliyopinda inayoonyesha kwamba mbao ilipasuliwa kwa msumeno wa duara, si wa mkono. Wapo watakaouona huo kuwa uzembe. Mimi nauona kuwa ni mgawanyo wa sauti, wa kile kinachosemwa kwa mnunuzi na kile kinachoachwa kijisemee. Ninacholalamikia ni kingine. Penye ufa mdogo karibu na chuma, fundi amejaza unga wa mbao uliokorogwa na gundi. Gundi hainywi vanishi kama mbao inavyoinywa, kwa hiyo jazo limebaki doa lililopauka katikati ya wekundu wa mninga. Katika kazi ambayo imelikubali fundo na mfereji bila haya, kuona haya kwa ajili ya ufa ni kupotoka kwa mtindo.

Haya yote yana mzizi katika biashara. Mbao ya mbuzi hii ilishalipiwa na mwenye mlango. Fundi anapotaja bei, anachouza hasa ni saa zake na chuma. Basi kila mkato unaookolewa ni faida, na ndiyo sababu hakuna pambo, hakuna kona iliyoviringishwa isipokuwa ile inayogusa paja. Hata kukunjika, ambako tungedhani ni kwa ajili ya jiko dogo, kunamfaa kwanza mchuuzi, ambaye huzifunga mbuzi nyingi kwa kamba moja na kuzipandisha kwenye daladala.

Ukitaka kuona kipimorithi kinafanya nini, tafuta mbuzi za fundi aliyepata oda kubwa, mabaki yakamwishia, akanunua mbao mpya za msonobari kutoka nyanda za Iringa. Zote zina urefu mmoja. Shingo ni ndefu kuliko inavyohitajika, maana ubao uliruhusu. Tundu limekatwa mahali pale pale katika kila moja, fundo liwepo lisiwepo. Na mabega, kwa kuwa sasa kazi ni ya haraka, yamekatwa mraba, kwa hiyo uzito wote umehamia kwenye msumari.