Mbegu, Chujio na Muda: Uchambuzi wa Kahawa ya Kumimina Nyumbani

Kahawa ya mdila, ile ambayo wazee wa Lamu, Mombasa na Unguja huinywa barazani kwa vikombe vidogo pamoja na kashata, hupikwa kwa kuuchemsha unga na maji pamoja juu ya makaa, na mpishi wake, madhali mdila umo mikononi mwake tangu mwanzo hata mwisho, aweza kuikoleza kwa kuiacha motoni au kuipunguza ukali kwa kuiongezea maji. Kahawa ya kumimina, ambayo siku hizi imeanza kuingia majumbani mwetu, ina kanuni nyingine kabisa: maji hupita mara moja tu katikati ya unga, yakachukua yale yaliyowahi kuyachukua, yakashuka kikombeni, na yaliyokwisha kushuka hayarudi. Kwa hiyo mtu atakaye kuchagua mbegu na chombo cha kuchujia hana budi kujiuliza kwanza ni kitu gani kitakachotawala muda ambao maji yatakaa na unga, maana aghalabu watu hununua chombo kwa uzuri wa umbo lake, na mbegu kwa uzuri wa mfuko wake, kisha wakashangaa kwamba kinywaji ni kichungu leo na kichachu kesho.

Ufundi wa kuichuja kwa karatasi ulianzishwa na bibi mmoja wa Dresden, Ujerumani, aitwaye Melitta Bentz, ambaye mwaka 1908, kwa kuchukizwa na mashapo na uchungu wa kahawa ya siku zile, alikitoboa kikopo cha shaba kwa msumari, akatandika ndani yake karatasi ya kukaushia wino aliyoichana katika daftari la mwanawe, akatia unga, akamimina maji ya moto. Na kilichoshuka kikawa safi, hakina chembe hata moja. Mwaka uo huo akausajili uvumbuzi wake na kuanzisha kampuni. Karatasi ile, ambayo watu huidhania kuwa kitu kidogo, ndiyo iliyoibadili tabia ya kinywaji, kwani hainasi mashapo pekee, bali hunasa na sehemu kubwa ya mafuta ya buni, pamoja na dutu ambayo wataalamu wameithibitisha kuwa huzidisha lehemu katika damu ya wale wanywao kwa wingi kahawa isiyochujwa.

Lakini siri ya vyombo vyenyewe imo katika matundu. Chombo cha Melitta, ambacho katika miaka ya 1930 kilipewa umbo la kuta mbili zinazokutana chini kwa mstari, kina tundu dogo, na udogo huo ndio unaoyazuia maji yasikimbie. Hata mtu akimimina kwa pupa, maji husubiri zamu yake. Kalita Wave, chombo cha Wajapani, kina kitako bapa na matundu matatu madogo, na karatasi yake imekunjwa mawimbi ili isigusane sana na ukuta, hivyo unga hutandazika kwa kina kilicho sawa na maji huupitia kwa usawa. V60 ya kampuni ya Hario, ambayo ilianza kwa kutengeneza vyombo vya kioo vya maabara huko Tokyo mwaka 1921, ni pia kamili yenye pembe ya nyuzi 60, ina tundu moja kubwa liwezalo kupitisha kidole, na mbavu zilizopinda kama hesi ndani yake, ili hewa ipate njia ya kutoka kati ya karatasi na ukuta. Hapo chombo hakizuii lolote. Kinachozuia ni unga wenyewe, na kinachoamua ni mkono. Chemex, aliyoibuni mkemia Peter Schlumbohm mwaka 1941, hupitisha maji polepole kwa sababu karatasi yake ni nene kuliko za wengine, na kwa sababu hiyo hiyo kahawa yake huwa nyepesi mno kwa ulimi uliozoea mdila.

Rai yangu ni wazi. Nyumba ambayo haina kinu kizuri, na ambayo mmiminaji ni mmoja leo na mwingine kesho, isianze na V60, ijapokuwa ndiyo yenye sifa nyingi, bali ianze na chombo cha tundu dogo au cha kitako bapa, ambacho husamehe kasoro za mkono. Wala mtu asilipe zaidi kwa ajili ya kauri akidhani ni bora: kauri baridi hunyonya joto la maji ya kwanza, ikalazimu kuipasha moto kabla, ilhali plastiki ya bei rahisi hunyonya joto kidogo sana. Pia aulize mapema kama karatasi za umbo lile hupatikana palepale dukani, maana karatasi ya pia haikai vema katika chombo bapa.

Fedha iliyookolewa hapo iende kwenye kinu. Chukua unga uliosagwa kwa mashine ya visu, uutandaze kidogo juu ya karatasi nyeupe mbele ya dirisha, nawe utaona vipande vikubwa kama chenga za mahindi vikiwa ubavuni mwa vumbi laini linaloganda kwenye kidole. Maji yale yale, katika muda ule ule, huyanyonya mavumbi hata yakatoa uchungu, na huviacha vipande vikubwa kabla havijatoa utamu wake, ndipo kikombe kimoja kikawa na uchungu na uchachu kwa pamoja, kasoro ambayo hakuna chombo kiwezacho kuirekebisha. Kinu cha meno, hata cha mkono, hukata mbegu kwa kadiri inayokaribiana. Mwenye kinu na mchi tu hakukosa njia: atwange kidogo kidogo, kisha apitishe katika chekecheke laini ili vumbi lianguke, na vumbi hilo alihifadhi kwa mdila, ambako halina madhara.

Mintarafu ya mbegu, jambo la kwanza ni kutodanganywa na herufi. Daraja la AA, ambalo Kenya na Tanzania hulitumia, hupima ukubwa wa mbegu kwa chekeche, halipimi ladha. Faida yake ni kwamba mbegu zenye ukubwa mmoja hukaangika sawasawa. Daraja la PB ni la tunda lililozaa mbegu moja ya mviringo badala ya mbili zenye ubapa, nayo ni nzuri, lakini si lazima iwe bora kuliko jirani zake wa shamba moja. Lenye thamani zaidi ni tarehe ya kukaangwa. Mbegu zikitoka motoni hubaki na hewa ya ukaa ndani yake, ambayo hutoka siku baada ya siku. Zikinyweshwa maji siku ile ile, hewa huyasukuma maji yasipenye, na zikikaa miezi, harufu huondoka pamoja nayo. Baina ya juma moja na majuma manne ndiyo nafasi njema. Mfuko usioandikwa tarehe hiyo, bali tarehe ya kuharibika tu, mimi sioni sababu ya kuununua.

Kisha mimina konzi moja katika sahani nyeupe. Mbegu iliyotobolewa na mdudu huonyesha kitundu cheusi mithili ya ncha ya sindano. Mbegu iliyotoka katika tunda bichi hubaki na rangi hafifu baada ya kukaangwa, na ukiitafuna huleta ladha ya karanga zilizochakaa. Ziondoe kwa mkono kabla ya kusaga, kwani katika gramu 15 mbegu chache kama hizo hutosha kuharibu kikombe. Mbegu zinazong'aa mafuta zimekaangwa mno kwa kazi hii, na tafauti ya shamba na shamba imekwisha kuungua ndani yake.

Robusta ya Kagera, yenye kafeini takriban mara mbili ya Arabika, ina nguvu na uzito unaoifaa mdila na tangawizi, ila katika karatasi hubaki uchungu mtupu. Arabika ya Kilimanjaro, ambayo wamisionari wa Kilema waliipanda mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo wakulima wameikuza vihambani chini ya migomba, ina uchachu wa kiasi na mwili laini. Lakini kwa kuwa hukusanywa kutoka vihamba vidogo vingi vya miinuko mbalimbali, mfuko unaotaja chama cha msingi au kijiji huaminika kuliko ule unaotaja mlima peke yake. Kahawa za Nyeri na Kirinyaga, aghalabu za mti wa SL28 uliochaguliwa katika maabara za Scott karibu na Nairobi katika miaka ya 1930 kutokana na mbegu zilizotoka Tanganyika, zina uchachu mkali wenye utamu nyuma yake, nazo ndizo hasa zinazostahiki V60 na mkono uliokwisha kuzoea.

Kwa gramu 15 za unga, maji gramu 250 yanatosha. Karatasi isuuzwe kwa maji moto, unga uloweshwe kwa gramu 40 na kuachwa sekunde 40 hivi ili hewa itoke, kisha maji yaliyobaki yamiminwe kwa awamu, kwa mzunguko wa utaratibu, hata kazi yote iishe karibu na dakika ya tatu. Vitabu vingi huagiza maji yaliyochemka yapoe kwanza, agizo linalomfaa mtu wa Mombasa, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Lakini Moshi huchemka kwa 97 hivi, na Nairobi kwa 94 hivi, kwa hiyo mkazi wa Nairobi anayesubiri hupoteza joto alilohitaji, hususan kwa mbegu zilizokaangwa kwa wepesi. Wa pwani naye, kama maji ya kisima chake yana chumvi, atafute mengine, maana chumvi huifunika ladha yote.

Maji yakiisha kushuka, tazama unga uliobaki. Ukiwa bapa na wenye chembechembe zinazoonekana, usagaji na umiminaji vimepatana. Ukiwa na tope laini juu yake na kazi imepita dakika nne, vumbi limeziba karatasi, basi saga kwa ukubwa zaidi au punguza awamu za kumimina, kwani kila mmimino huliamsha vumbi. Na ukiwa na shimo katikati huku unga umepanda ukutani, maji yalimwagwa mahali pamoja. Badili jambo moja tu kila mara, ukianza na usagaji, uiache kadiri ya maji na ya unga kama ilivyokuwa, hata uchungu au uchachu uliokuwa ukiusumbua ulimi uwe umepungua. Hapo ndipo ubadili mbegu.